Kima, Papa na Somo la Kiingereza: Majibu kwa Maswali ya Wasomaji

Barua nyingi zilizofika mezani kwangu tangu shule zifunguliwe zinahusu jambo moja, nalo ni matumizi ya hadithi katika kufundisha Kiingereza. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu mwandishi wake ameeleza waziwazi kilichomshinda, na walimu wengi hawana ujasiri huo.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninafundisha Kiingereza Darasa la Tano katika shule ya msingi ya serikali mkoani Singida. Darasa langu lina wanafunzi 84, na vitabu vya kiada havitoshi, hivyo watoto wanne hadi watano husomea kitabu kimoja. Katika semina tulihimizwa kutumia hadithi. Nilijaribu kwa kuwasomea hadithi moja ya familia iliyokwenda kucheza kwenye theluji. Walinisikiliza kwa utulivu, na nilipowauliza "Did you like the story?" wote waliitikia "Yes, teacher". Nilipowataka wanieleze kilichotokea, hata kwa Kiswahili, hakuna aliyeweza. Je, kosa ni langu, ni la hadithi, au njia hii haifai kwa madarasa kama yetu? (Mwalimu, Singida)

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Njia inafaa, ila uliwatwisha watoto mizigo mitatu kwa mkupuo: lugha wasiyoielewa, kisa wasichokijua na theluji ambayo hawajapata kuiona. Mtoto anayepambana na maneno mageni akiwa hajui hata nani amefanya nini huamua kukaa kimya na kusubiri kengele, na ile "Yes, teacher" ya pamoja ni adabu tu, haina habari yoyote ndani yake.

Kwa hiyo, anza na kisa ambacho tayari wanakijua kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani kwao. Walimu wengi huogopa kwamba kisa kinachojulikana kitawachosha watoto, lakini ninyi mliolelewa na bibi mnajua kwamba mtoto huomba hadithi ile ile kila usiku na hukasirika ukiruka kipande. Anapokuwa tayari anajua kitakachofuata, akili yake huachwa huru isikilize jinsi kinavyosemwa kwa Kiingereza.

Mimi hupenda kutumia kisa cha kima na papa. Kima anaishi juu ya mkuyu kando ya bahari na humtupia papa matunda kila siku. Papa anamwalika kwao, na wakiwa katikati ya maji anamwambia kwamba mfalme wao mgonjwa anahitaji moyo wa kima. Kima anajibu kwa utulivu kwamba kima hawatembei na mioyo yao, huiacha mtini, na kwa hiyo warudi wakauchukue. Kisa hiki kilisimuliwa Unguja, na Mmisionari Edward Steere alikiandika kwa Kiswahili na kukichapisha London mwaka 1870. Nchini India husimuliwa pia, ila huko anayeutaka moyo si papa bali mamba. Kama watoto wako wa Singida, walio mbali na bahari, hawakijui, wasimulie kwanza kwa Kiswahili siku moja kabla, kwa starehe yote na bila kutaja Kiingereza. Au chukua kisa chochote cha sungura na fisi ambacho watakutajia wenyewe.

Sasa andika toleo lako la Kiingereza, nawe uliandike kwa mkono wako badala ya kulitafuta kitabuni. Sentensi kumi na mbili hadi kumi na tano zinatosha, kila moja ikiwa fupi, na maneno mapya yasizidi manane. Kwa mfano: "There was a monkey. The monkey lived in a big tree near the sea. One day a shark came. The shark was hungry." Tazama kwa makini sentensi hizo nne, maana ndani yake mna somo ambalo wanafunzi wetu hulikosa hadi chuo kikuu, yaani matumizi ya vineno "a" na "the". Kiswahili hakina vineno hivyo, na maelezo ya kanuni zake ubaoni huwachanganya watoto. Katika hadithi, hata hivyo, jambo hilo hujieleza lenyewe: kima anapoingia kwa mara ya kwanza ni "a monkey", na akishajulikana anakuwa "the monkey". Waambie watoto kwamba sisi nasi hufanya jambo linalokaribiana na hilo tunaposema "Palikuwa na kima", kisha tukaendelea na "kima yule" au "kima huyo". Nimewahi kuona mtoto wa Darasa la Nne akilielewa hilo kwa dakika mbili, ilhali mimi mwenyewe nililielewa nikiwa chuo cha ualimu.

Jambo la pili ambalo hadithi hulifundisha vizuri kuliko jedwali ni njeo ya wakati uliopita. Msimulizi wa Kiswahili akishasema mara moja kwamba jambo lilitokea zamani, huendelea kwa "-ka-": akachuma, akatupa, akala. Kiambishi ni kile kile kwa vitenzi vyote. Kiingereza hakina "-ka-", bali humlazimisha msemaji abadilishe kila kitenzi chenyewe, na vingine hubadilika kwa ukaidi: "picked", "threw", "ate". Mwanafunzi wetu, akiitafuta "-ka-" yake na kuikosa, huweka "and" mahali pake na kuacha kitenzi kama kilivyo, ndipo tunapopata "And he go and he see and he eat". Ukilijua chimbuko la kosa hili hutalichukulia tena kuwa uvivu. Msimulie mara nyingi, kwa mkazo kwenye vitenzi, na uviandike vitenzi sita tu vya kisa hicho upande mmoja wa ubao vikae hapo wiki nzima.

La tatu ni "he" na "she". Kwa kuwa "a-" yetu haitofautishi mwanamume na mwanamke, watoto huchanganya viwakilishi hivyo hata wakiwa wanawajua wahusika vizuri. Dawa yangu ni ndogo: katika toleo la darasani humgeuza mfalme mgonjwa wa baharini kuwa malkia, makusudi kabisa, ili kima awe "he" na malkia awe "she", na hadithi isiweze kueleweka pasipo kutofautisha. Wazee wa pwani watanisamehe.

Utakapokuwa ukisimulia, usisome. Weka karatasi mezani, simama mbele, chora mti na mawimbi ubaoni kwa chaki (papa wangu hufanana na kambare mwenye meno, na watoto humwelewa hivyo hivyo), kisha simulia kwa mikono, macho na sauti. Fungua kwa "Paukwa!" na uwaache waitikie "Pakawa!", kwa maana hiyo ni ishara wanayoijua kwamba sasa wao ni hadhira na wana kazi ya kufanya. Katika masimulizi yetu hadhira haijawahi kuwa bubu, huitikia na kuimba kipande chake. Wape basi kipande cha Kiingereza. Papa anapouliza "Where is your heart?", darasa zima lijibu kwa sauti ya kima: "I left it in the tree!" Sentensi hiyo itarudiwa mara tano au sita ndani ya dakika kumi bila mtoto yeyote kuhisi kwamba anakaririshwa. Ndani yake mna kitenzi cha wakati uliopita, na mna pia "in the tree", ambayo wanafunzi wetu huisema "on the tree" kwa sababu sisi husema juu ya mti. Chora pia moyo na kofia ubaoni, kwa sababu midomoni mwetu "heart" na "hat" hutoka vile vile kama "hati", na papa anayetafuta kofia huharibu kisa chote.

Baada ya kila sentensi tatu au nne, simama uulize, ukianzia kwenye maswali ambayo hata mtoto dhaifu anaweza kuyajibu: "Did the monkey live in a tree?" Kisha "Did the monkey live in a tree or in the sea?" Kisha ndipo "Where did the monkey live?" Walimu wa lugha wa Marekani waliomfuata Blaine Ray, mwalimu wa Kihispania wa California, wamekuwa wakiuliza kwa mzunguko wa namna hii tangu miaka ya 1990, na faida yake ni kwamba jibu la neno moja nalo ni jibu halali. Mtoto aliyesema "tree" ameshiriki.

Kipindi cha pili usisimulie vizuri. Simulia vibaya: "There was a cow. The cow lived in a big tree." Utasikia "No, teacher! A monkey!" kutoka kwa watoto ambao hujawahi kuisikia sauti yao. Ninaamini hiki ndicho kipindi chenye thamani kubwa kuliko vyote, kwa sababu ili kumkosoa mwalimu ni lazima usikilize kila neno, na kumkosoa mwalimu ni raha ambayo shule zetu huitoa kwa nadra sana.

Kipindi cha tatu wasimuliane wawili wawili palepale dawatini, kwa dakika tatu, huku picha zikiwa ubaoni na vitenzi sita vikiwa pembeni. Watoto 84 wakisema kwa wakati mmoja ni kelele, hivyo mwarifu mapema mwalimu wa darasa la jirani. Hutaweza kumsikiliza kila mmoja na hupaswi kujaribu. Tembea kati ya madawati, tega sikio, andika kwenye daftari lako makosa matatu yanayojirudia zaidi, na uyarekebishe ubaoni mwishoni bila kumtaja aliyeyafanya. Ukimkatiza mtoto kila anapokosea, atajifunza kunyamaza, na hilo analijua tayari. Kuandika kuje mwisho, na sentensi tano kwa kila mtoto zinatosha kabisa kwa mwalimu mwenye madaftari 84 ya kusahihisha.

SWALI: Mimi ni mwalimu mkuu. Mwalimu wangu mmoja wa Kiingereza ameanza kusimulia hadithi za wanyama darasani, watoto wanacheka na kupiga kelele, na wazazi wameanza kuuliza. Afisa elimu kata ataniuliza kuhusu ufaulu wa Darasa la Saba na si kuhusu sungura. Nimzuie? (Mwalimu Mkuu, Mbeya)

JIBU: Nakubaliana nawe katika jambo moja: hadithi isiyo na lengo katika andalio la somo ni burudani, na burudani ina wakati wake. Kabla ya kumzuia, mwite na umuulize maswali matatu. Ni muundo gani wa lugha ambao hadithi hii inaufundisha? Ni sentensi ipi ambayo kila mtoto ataweza kuitamka mwishoni? Na ni nini watakachoandika kwenye madaftari? Akikujibu yote matatu, mwache aendelee na uwaeleze wazazi wanachokisikia. Akishindwa, msaidie kupanga vizuri kwanza.

Kuhusu mtihani, fungua karatasi za Kiingereza za Darasa la Saba za miaka iliyopita. Utakuta kifungu cha habari chenye maswali ya ufahamu, na utakuta pia sentensi zilizovurugwa ambazo mtahiniwa hutakiwa kuzipanga zilete maana. Mtoto aliyezoea kukariri sarufi huzipanga kwa kubahatisha. Aliyesimulia visa ishirini kwa mwaka anajua kwamba sentensi inayoanza na "One day" haiwezi kuwa ya mwisho, na kwamba "the old man" hawezi kutangulia "an old man". Mwambie mwalimu wako akate hadithi yake vipande vinne vya karatasi ya manila na awape watoto wapange, nawe utakuwa umepata zoezi la mtihani kutoka kwenye sungura yule yule.

Ushahidi upo pia, na haukutoka katika shule za matajiri. Mwaka 1983 Warwick Elley na Francis Mangubhai walichapisha matokeo ya utafiti waliofanya katika shule za msingi za vijijini nchini Fiji, ambako watoto hujifunza Kiingereza kama lugha ya pili kama hapa kwetu. Madarasa ya nne na ya tano katika baadhi ya shule yalipewa vitabu 250 vya hadithi kila moja, huku mengine yakiendelea na mazoezi ya kawaida ya sarufi na miundo. Watoto waliopata hadithi walipiga hatua haraka zaidi katika kusoma na kusikiliza. Sitakuficha kwamba utafiti huo ulihusu vitabu, na shule yako huenda haina hata 25. Hata hivyo, katika baadhi ya madarasa hayo mwalimu alisoma pamoja na watoto kwa sauti, wakazungumzia kisa, wakakirudia, na hilo mwalimu wako anaweza kulifanya kwa chaki na mdomo wake.

Wala sikushauri ugeuze vipindi vyote kuwa hadithi. Vipindi viwili kwa wiki vinatosha. Bado watoto wanahitaji tahajia, imla, na mazoezi ya sarufi yasiyo na utamu wowote.

SWALI: Ninafundisha Kidato cha Kwanza. Wanafunzi wangu wametoka shule za msingi zinazofundisha kwa Kiswahili, na ghafla masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Nilipowaletea hadithi ya fisi, wavulana wa nyuma walicheka kwa dharau na kusema hayo ni mambo ya watoto. Nifanye nini? (Mwalimu wa sekondari, Morogoro)

JIBU: Wamekosea kuhusu fisi, lakini usishindane nao. Kanuni ni ile ile, kisa kinachojulikana kwa lugha isiyojulikana, ila badilisha kisa. Wengi wamesikia habari za mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, maji yake yaliyoaminiwa kumkinga mtu na risasi za Wajerumani, na Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905 na kuendelea hadi 1907. Wasimulie kwa Kiingereza chepesi, kisha uwaulize kama wao wangeyaamini maji yale na kwa nini. Hapo hata mvulana wa nyuma atataka kusema, na atajikuta anahitaji neno "because".

Njia nyingine, ambayo mimi huipenda zaidi kwa vijana, ni kuwafanya mashahidi. Chukua tukio dogo, kwa mfano bodaboda imemgonga muuza nyanya sokoni na nyanya zimetawanyika. Mmoja awe dereva, mwingine muuzaji, mwingine abiria, na kila mmoja alisimulie tukio hilo hilo mbele ya askari. Kila mmoja atataka kujitetea, na kijana anayejitetea husahau aibu ya kukosea. Visa haviishii katika somo la Kiingereza pia: safari ya tone la maji kutoka baharini hadi mawinguni na kurudi mtoni ni kisa chenye mwanzo na mwisho, na mwenzako wa Jiografia atafurahi ukimwandalia maneno yake.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mama wa watoto watatu na nina kibanda cha nguo. Niliishia Darasa la Saba na Kiingereza changu ni cha kuokoteza. Mwanangu wa miaka tisa anasoma shule ya Kiingereza na walimu wanasema nizungumze naye Kiingereza nyumbani. Ninaona haya kumharibia. Je, nimwachie mwalimu tu, na je, hadithi ninazomsimulia kwa Kiswahili zinamrudisha nyuma? (Mama, Tanga)

JIBU: Dada yangu, hazimrudishi nyuma hata kidogo. Mtaalamu Jim Cummins wa Toronto ameeleza tangu mwaka 1979 kwamba uwezo ambao mtoto anaujenga katika lugha yake ya kwanza huwa mtaji wa lugha ya pili. Ujuzi wa kufuata kisa kirefu, kubashiri kitakachotokea, kujua kwamba mhusika anadanganya na kueleza sababu haujengwi mara mbili. Mtoto anayeujua kwa Kiswahili hubaki na kazi ya kutafuta maneno tu. Kwa hiyo endelea kumsimulia kwa Kiswahili chako chote, pamoja na mafumbo, nyimbo na vitisho vyake, wala usikibadilishe kwa Kiingereza cha kuokoteza ambacho kitafupisha hadithi na kukufunga ulimi. Bora mtoto asikie Kiswahili kilichokamilika cha Tanga kuliko nusu ya lugha.

Halafu fanya jambo moja zaidi. Usiku wa pili mwambie akusimulie wewe hadithi ile ile kwa Kiingereza, na uwe mwanafunzi wake kwelikweli: muulize "moyo" kwa Kiingereza unaitwaje, rudia neno, kosea, akurekebishe. Hutakuwa unamharibia, kwa sababu mwenye kusema ni yeye.

Kama una simu yenye intaneti, tafuta hadithi za mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini. Hazilipiwi, zina picha, na nyingi zimewekwa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kisa kile kile. Chagua zenye sentensi moja au mbili kwa kila ukurasa. Msomee ukurasa wa Kiswahili, akusomee wa Kiingereza, na mkifika mahali ambapo tafsiri mbili hazifanani, msikimbilie ukurasa unaofuata. Mwulize yeye angeisemaje.